Mtaji wa Vijana Umepandishwa Juu ya Mawe

Makamanda, kila mmoja wetu anaijua yadi ya halmashauri ya kwao. Ile ya nyuma ya idara ya ujenzi, penye greda lisilo na tairi. Angalieni vizuri kwenye majani. Kuna Land Rover 109, kuna Land Cruiser pikapu ya miaka ya 80, na pengine kuna 110 iliyokuja na mradi wa wafadhili, namba za DFP bado ziko kwenye bampa. Zimepandishwa juu ya mawe. Kuku wanatagia humo na mpapai umeota mahali pa injini.

Halafu ingieni ndani mkaulize mkopo wa vijana. Mtaambiwa fungu halitoshi, vikundi ni vingi, subirini robo ijayo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, tuliiona ikisimamishwa mwaka 2023 na ikarudi 2024 na masharti yake. Sawa. Lakini mtaji mwingine umelala pale nje kwenye mvua, na hakuna anayeuhesabu kuwa ni mtaji.

Najua wapo watakaocheka. "Skrepa nayo ni siasa?" Ndiyo, ni siasa. Sikilizeni kwanza.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Zile za Series zilitengenezwa mpaka 1985, zikafuatiwa na ukoo wa 90 na 110 uliokuja kuitwa Defender, na ile ya mwisho ikatoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Land Cruiser 40 ilianza 1960 ikaisha 1984, ndipo ikaja ile ya 70 ambayo huku tunaiita hardtop, na wengine mnaita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa. Haya ndiyo magari yaliyowabeba mabwana shamba, manesi wa chanjo, wakuu wa wilaya na askari wa wanyamapori kabla hatujazaliwa. Yalinunuliwa kwa kodi ya baba zetu au kwa misaada iliyoombwa kwa jina la baba zetu.

Leo huko duniani magari haya yanatafutwa kama dhahabu. Marekani ina sheria kwamba gari likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia hata kama halikutengenezwa kwa viwango vyao vya usalama. Uingereza gari la zaidi ya miaka 40 halilipi kodi ya barabara. Na likiingia pale likiwa na zaidi ya miaka 30, la aina isiyotengenezwa tena, likiwa bado katika hali yake ya asili, linaweza kuhesabiwa kuwa ni kitu cha kumbukumbu: halitozwi ushuru wa forodha na VAT yake ni asilimia 5 tu. Colombia kuna karakana zinazofufua Land Cruiser 40 na kuziuza Marekani. Ureno kuna wanaofufua Land Rover. Gari moja likikamilika vizuri linauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Nani aliwaambia kijana wa Colombia ana mikono kuliko kijana wa Unga Limited?

Tusidanganyane lakini. Magari yetu usukani uko kulia, na Mmarekani anapenda wa kushoto, kwa hiyo soko letu la kwanza ni Waingereza, Australia, Afrika Kusini, na hizi kambi za safari hapa hapa nyumbani ambazo mgeni analipa apigwe picha kwenye Land Rover ya kizamani. Na si kila bovu ni mali. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haioti kutu kama bati, kwa hiyo kwa nje itakuvutia. Ingia chini. Chasisi ni chuma, na inaozea kwa ndani, hasa nyuma na pale springi zinaposhikwa. Gonga kwa nyundo usikilize. Angalia ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Kisha linganisha namba ya chasisi na kadi. Land Cruiser ndiyo kinyume: mashine itakuzika wewe ikiwa bado inaunguruma, bodi ndiyo inaliwa kama mkate na panya.

Na hapa niwaseme mafundi wetu kidogo, maana polemiki isiyogusa nyumbani ni unafiki. Land Rover ikisumbua, kitu cha kwanza gereji bubu inafanya ni kung'oa injini na kutumbukiza ya Toyota. Kwa mtu anayebeba abiria Loliondo ni akili, simlaumu. Lakini kwa mnunuzi anayetaka gari la 1972 lilivyotoka kiwandani umeshaua zaidi ya nusu ya bei, na lile dirisha la miaka 30 na hali ya asili linaweza kukufungia. Tena wengi hawaendi TRA kubadilisha namba ya injini kwenye kadi. Siku ya kuuza ndiyo kelele zinaanza. Tunzeni injini ya zamani hata kama imekufa. Ifungeni kwenye turubai, iuzwe pamoja na gari.

Sasa turudi kwa wakubwa.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover. Serikali ya mkoa ilisimamia tamasha, lengo likiwa kuvunja rekodi ya Ujerumani ya magari 632 kwenye msafara mmoja. Nani aliyaleta yale magari? Si wizara. Ni madereva wa utalii, wafugaji, wafanyabiashara wa vijijini, na nyuma ya kila gari kulikuwa na fundi aliyelala chini yake usiku mzima ili liamke. Wakubwa wakapanda jukwaani wakasifia utalii. Tamasha likaisha, fundi akarudi kwenye gereji isiyo na leseni ya kueleweka, anafukuzwa na mgambo kwa sababu amemwaga oili barabarani. Kama gari ni kivutio, aliyelifufua ni nini?

Nimewahi kwenda kwenye mnada wa magari chakavu wa halmashauri moja huku kaskazini. Tangazo lilibandikwa ubaoni siku chache kabla. Orodha iliandika "magari mabovu 5", basi. Hakuna aina, hakuna mwaka, hakuna namba ya chasisi. Yote matano yaliuzwa fungu moja. Tulikuwa vijana wanne, tulitaka 109 moja tu, tulikuwa na pesa ya gari moja. Hapana, chukueni yote au ondokeni. Aliyechukua alikuwa amekuja na lori na mtungi wa gesi. Kabla ya saa kumi jioni ile 109 ilikuwa imekatwa vipande, imepimwa kwa kilo. Milango ya aluminiamu ilikwenda kuyeyushwa sufuria. Mimi sikulia, ila mwenzangu mmoja aligeuza uso.

Pale hakuna aliyevunja sheria ninayoweza kuitaja. Na ndiyo shida yenyewe: utaratibu wenyewe umemkaa vizuri mwenye lori, haumtambui mwenye spana. Kuuza kwa fungu kunamfukuza fundi. Tangazo la ubaoni linamnufaisha anayepita ofisini kila siku kunywa chai. Kutotaja aina na mwaka kunafanya bei ya chini ipangwe kama ya vyuma chakavu, halafu mjanja anayejua kuna nini pale anachukua kitu cha thamani kwa bei ya misumari. Anayepoteza ni kijana, na anayepoteza zaidi ni halmashauri yenyewe, yaani sisi. Ripoti za CAG zimekuwa zikitaja magari ya umma yaliyoachwa bila kutengenezwa wala kuuzwa. Tunasoma kurasa za wizi mkubwa tunaruka hizo. Tusiziruke.

Na kodi? Hapa ndipo utashangaa. Uingereza gari likizeeka kodi inapungua. Kwetu ukiagiza gari lenye zaidi ya miaka 10 unaongezewa ushuru wa uchakavu wa hadi asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18 na mengine. Serikali inasema ni kuzuia nchi isiwe jalala na kulinda mazingira. Hoja hiyo ina maana kwa gari dogo la miaka 15 linalokuja kutoa moshi Kariakoo, na siipingi. Lakini Land Rover ya 1970 inayoagizwa na karakana ili itolewe mlango, fremu ya kioo na giaboksi, ikamilishe nyingine iliyoko hapa, hiyo si takataka, ni malighafi. Kenya wamefunga kabisa, gari la zaidi ya miaka 8 haliingii. Sisi mlango uko wazi ila tumeweka mtoza ushuru asiyetofautisha jalala na stoo. Ingetosha kuweka kifungu kimoja: miaka 30 kwenda juu, mwagizaji awe karakana iliyosajiliwa, uchakavu usitozwe. Mapato yatakayopotea ni madogo mno, maana leo wanaoyaagiza magari hayo ni wa kuhesabu.

Tena wanaotuhubiria mazingira ni hao hao wa mashangingi. Shangingi jipya kila muhula, la zamani linaenda kwenye mawe.

Kwa hiyo hatuombi hisani. Kila gari liuzwe peke yake. Orodha iwe na aina, mwaka, namba ya chasisi, picha na bei ya kuanzia, iwekwe mtandaoni siku 30 kabla. Mfumo wa NeST umejengwa kwa pesa zetu, tuutumie mpaka kwenye 109 ya mwisho. Sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, vijana tukiwemo. Basi na kwenye kuuza tutengewe. Na kabla ya mnada, chuo cha VETA cha eneo hilo kipewe nafasi ya kuchagua gari moja la kufundishia, maana kuna wanafunzi wa ufundi magari wanaomaliza kozi wakiwa wamefungua injini ile ile moja iliyofunguliwa na kaka zao.

Kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi. Nendeni mkae. Kama tuna diwani hata mmoja, mpelekeeni maswali haya yaandikwe kwenye kumbukumbu: yadi ina magari mangapi, yamekaa miaka mingapi, mara ya mwisho yaliuzwa lini, kwa nani, kwa shilingi ngapi kila moja. Kama hatuna diwani, andikeni barua kwa mkurugenzi, mpigiwe muhuri wa kupokelewa, mtutumie nakala. Tutazichapisha hapa barua na majibu, wilaya kwa wilaya. Zisizojibiwa tutazichapisha na tarehe.