Picha za satelite peke yake hazitalinda Goma

Satelite za Ulaya za Sentinel-1 hupiga picha za rada za Nyiragongo. Kompyuta hulinganisha picha mbili za siku tofauti, nukta kwa nukta, na kuonyesha mahali ardhi iliposogea. Baada ya mlipuko wa 22 Mei 2021, zilionyesha kwamba magma ilijipenyeza chini ya Goma hadi Ziwa Kivu. Tarehe 27 wakaaji wa mitaa mingi wakaamriwa kuhama.

Lakini satelite hurudi baada ya siku kadhaa, na volkano haingoji. Mashine za kupima matetemeko ndizo husikia ardhi usiku na mchana. Zinahitaji intaneti isiyokatika na wafanyakazi wa OVG wanaolipwa. Viongozi wasingoje lava ifike tena Buhene ndipo watafute pesa.