Mchezo Ambamo Risasi Inangoja

Mama mmoja wa kanisa hapa Butembo alinikamata nyuma ya ibada. “Baba Pasta, mtoto wa marehemu dada yangu anacheza bunduki kwenye ordinateri kila jioni. Nimuachishe?”

Mtoto huyu alitoka Beni, Novemba 2019. Mwezi ule unaukumbuka. Jeshi lilikuwa limeanza operesheni kubwa mwisho wa Oktoba, na wauaji wakalipiza kwa raia, kijiji kwa kijiji, mpaka ndani ya mji. Mauaji yenyewe yalianza Oktoba 2014, kwa hiyo alikuwa amekulia ndani yake. Alikimbia akiwa na miaka 10. Wazazi wake hawakufika.

Nilienda nimejitayarisha kukataza, sitaficha. Sisi wa umri wangu tuliwaona kadogo wa mwaka 1996, watoto kama sisi wa shule, wamebeba bunduki ndefu kuliko wao. Hata leo nikiona mtoto anafurahia bunduki, moyo unashituka.

Basi akanionyesha. Mchezo unaitwa SUPERHOT. Vijana wa Poland waliutengeneza kwanza mwaka 2013 katika shindano la siku 7 tu, na ule wa kwanza ulichezwa ndani ya ukurasa wa intaneti. Mchezo kamili ulitoka mwaka 2016. Unaona kwa macho ya mwenye bunduki. Chumba ni cheupe, adui ni wekundu, wanavunjika kama kioo. Lakini ajabu yake ni hii: saa inatembea tu wakati unatembea. Ukisimama, karibu kila kitu kinasimama, hata risasi hewani, na mkia wake mwekundu unauona. Unatazama, unafikiri, unapiga hatua moja, nayo inasogea kidogo.

Nikamuuliza juu ya nini anapenda huu, na michezo ni mingi. Akanijibu bila kuniangalia: “Pasta, huku nikisimama, risasi nayo inasimama. Kwetu haikuwa vile.”

Sikuwa na neno. Maneno yote niliyotayarisha njiani yalikwisha.

Nyuma ya muda nikamuuliza kuhusu wale watu wekundu, maana kwangu ndipo palipo ubaya: mtu asiye na sura ni rahisi kuua, na hata wale kadogo walifundishwa hivyo hivyo. Akasema, “Wangekuwa na sura singecheza.” Kumbe alikuwa amelifikiri kabla yangu.

Wewe mzazi, usidhani ninabariki kila mchezo. Kijana anayemaliza franga za machimbo ya dhahabu usiku kucha mbele ya ekra, huyo tutaongea naye siku ingine. Hapa nilimwambia mama hivi: usimnyang’anye. Kaa pembeni yake. Saa moja, jioni, si usiku wa kulala, na yule mdogo wa miaka 6 asiangalie. Ukiona halali, anapiga kelele ndotoni, anaruka mlango ukigongwa, au anaacha kula, usingoje aizoee hali hiyo. Mpeleke kwa muganga wa hospitali au kwa mtu aliyefundishwa kusikiliza watoto wa vita. Na usimwambie “sahau.” Wengi wetu tunasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tunaogopa kusikia.

Kisha kijana akanipa nafasi. Nilikufa mara 5 katika chumba cha kwanza, maana mimi nikiogopa ninakimbia, na mchezo ule unaadhibu mwenye kukimbia. Alicheka sana. Mama akatoka jikoni na kijiko mkononi. Alisema hajamsikia akicheka hivyo tangu afike.

Jumanne nitarudi. Ameahidi kunionyesha namna ya kupita chumba cha pili. Na mimi nimemuomba, akitaka yeye mwenyewe, anieleze njia waliyopita usiku ule.