Hedifoni Haijafa, Imeshikwa na Simu

Katika nyumba nyingi zenye kompyuta mpakato moja na hedifoni moja isiyo na waya, huzuka ugomvi wa aina yake. Binti anataka kufuatilia somo la mtandaoni. Hedifoni imewaka taa kama kawaida, lakini sauti inatoka katika spika za kompyuta na kuenea sebule nzima. Papo hapo hukumu hutolewa: mtoto ameiharibu. Jioni kifaa hupelekwa kwa fundi, au hutupwa kabatini na kununuliwa kingine. Aghalabu hukumu hiyo ni dhulma, kwani kifaa ni kizima.

Hedifoni ya namna hii huwasiliana na kompyuta kwa mawimbi ya redio ya Bluetooth, nayo ina kumbukumbu. Ikiwashwa, hutafuta vifaa ilivyokwisha kuunganishwa navyo, na aghalabu huanza na kile kilichotumika mwisho. Iwapo baba aliitumia jana usiku kwa simu yake, na simu hiyo ipo chumba cha pili ilhali Bluetooth yake haijazimwa, basi simu ndiyo itakayoiwahi. Ukuta mmoja si kizuizi, kwa kuwa mawasiliano haya hufika takriban mita 10. Zipo hedifoni zinazoweza kushika vifaa viwili kwa pamoja, lakini nyingi za bei nafuu hushika kimoja tu. Kwa hiyo, kabla ya kuigusa kompyuta, zima Bluetooth katika simu zote za nyumbani, kisha izime hedifoni na kuiwasha upya.

Ikigoma bado, fungua mipangilio ya Bluetooth katika kompyuta, uliondoe kabisa jina la hedifoni hiyo kwenye orodha, ndipo uviunganishe vifaa hivyo kana kwamba havijapata kukutana. Wengi hubonyeza neno la kuunganisha mara kumi huku jina la zamani lingali pale. Hiyo ni kazi bure. Vifaa viwili vinapounganishwa mara ya kwanza, kila kimoja huhifadhi ufunguo wa siri. Ufunguo ukipotea upande mmoja, jina hubaki kwenye orodha lakini mlango haufunguki. Aidha, hedifoni nyingi hazionekani kwa kifaa kipya kwa kuwashwa tu: sharti kitufe kishikiliwe sekunde kadhaa, hadi taa ianze kuwaka na kuzimika kwa haraka.

Lipo tatizo jingine, nalo huwapotosha hata mafundi. Hedifoni imeunganishwa, kisomo kilichorekodiwa kinasikika vizuri, lakini mara tu mazungumzo yanapoanza sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Hapana kilichoharibika. Bluetooth ya kawaida haiwezi kupeleka sauti ya hali ya juu masikioni na wakati huo huo kurudisha sauti ya kipaza sauti; kipaza sauti cha hedifoni kikifunguliwa, ubora hushushwa ili njia itoshe kwa pande mbili. Ndiyo maana katika Windows 10 hedifoni moja huonekana mara mbili kwenye orodha ya sauti, moja ikiandikwa Stereo na nyingine Hands-Free. Dawa yake haigharimu hata senti: ndani ya programu ya mazungumzo, chagua kipaza sauti cha kompyuta yenyewe, na hedifoni ibaki ya kusikilizia tu.

Sauti ikikatika-katika, tazama kwanza chaji, kisha ujirani. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hutumiwa pia na Wi-Fi nyingi na hata jiko la maikrowevu.

Na kabla ya kumlipa fundi, ijaribu hedifoni hiyo kwa simu ya jirani. Ikifanya kazi huko, mpelekee fundi kompyuta, umwombe aangalie programu inayoendesha Bluetooth. Hedifoni iache nyumbani.