Timu Haijengwi kwa Kufukuza

Kila Simba inapofungwa huzuka kundi la wapenzi wenye dawa moja tu: kocha afukuzwe, wachezaji waachwe, wanunuliwe wengine. Hiyo ni kasumba ya mteja dukani, wala si fikra ya mwanachama mwenye klabu yake.

Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5-1. Siku chache baadaye kocha Robertinho, raia wa Brazil, akaondolewa. Dawa ikatolewa, je, mgonjwa alipona? Akaja Benchikha wa Algeria, naye akaondoka kabla ya msimu kwisha, na Simba ikamaliza ligi katika nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam.

Watajibu kwamba timu iliyosukwa upya ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025. Ni kweli. Lakini timu hiyo ilikaa na kocha mmoja, Fadlu Davids, tangu mwanzo wa msimu hadi mwisho. Hilo wapiga kelele hawalitaji!

Wazee wa Msimbazi wanaukumbuka mwaka 1979. Mufulira Wanderers ya Zambia ilikuja Dar es Salaam ikaichapa Simba mabao 4-0. Kwa hoja ya mashabiki hawa, kikosi kile kingevunjwa usiku uleule. Hakikuvunjwa. Kilikwenda Zambia kwa mchezo wa marudiano, kikashinda 5-0, na Simba ikasonga mbele. Wanaodai fukuza-fukuza na waseme: katika wale waliokwenda Zambia, nani angeachwa?