Kronografu kwa Mfuko Mwepesi

Inasikitisha kuwaona wasomi wetu wamevaa saa bandia zenye majina makuu ya Uswisi, ilhali vijiduara vya usoni mwake vimechorwa tu, havipimi lolote. Apendaye kronografu, yaani saa ya mkono yenye kipima-muda, tena ya sura ya kale, ana njia mbili za heshima hata kama mfuko wake ni mwepesi.

Ipo Seagull 1963 ya Uchina, ya kutiwa ufunguo. Mtambo wake ni kizazi cha Venus 175 ya Uswisi, ambayo zana zake za kuundia zilinunuliwa na kiwanda cha Tianjin mnamo 1961. Huo si wizi, ni urithi uliolipiwa! Ila yataka fundi hodari, na mafundi hao wamekuwa adimu.

Kwa hiyo mimi ningechagua saa yenye mtambo wa Seiko VK64: betri huendesha majira na kipima-muda, nazo nyenzo hukianzisha, hukisimamisha na kukirudisha kipima-muda hicho. Kabla ya kulipa, bonyeza kitufe cha juu kuanzisha, tena kusimamisha, kisha cha chini. Akrabu ndefu yapaswa kuruka mara moja hadi 12. Ikitua kando, mrudishie mwuzaji saa yake.