Si Kila Pakiti Mbovu Ipigiwe Mbiu

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Waandishi wa programu za mitandao, hata hivyo, aghalabu huipuliza pasi na jambo. Katika kiini cha mfumo wa Linux, ujumbe unaoingia katika daftari la matukio hupewa ngazi moja kati ya nane. Ngazi ya 0 hutangaza kwamba mfumo hautumiki tena. Ya 3 ni kosa, ya 4 ni onyo, ya 6 ni taarifa ya kawaida, na ya 7 ni maelezo yanayomfaa msaka hitilafu peke yake. Wengi huuona uteuzi wa ngazi hizi kuwa suala la mtindo tu. Huo ni upotovu.

Msimbo wa mtandao husikiliza wageni. Pakiti yaweza kutumwa na yeyote, kutoka popote, maelfu kwa sekunde. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza ukubwa wa kosa, yafaa kuuliza ni nani awezaye kulisababisha. Iwapo mtu wa mbali asiye na idhini anaweza kuufanya mfumo uandike, basi amekabidhiwa kalamu ya mwenyeji. Ataandika mpaka diski ijae, au mpaka ujumbe wa maana ufukiwe na takataka. Isitoshe, kuandika kuna gharama. Pale ambapo ujumbe hupitishwa kwa waya wa biti 9,600 kwa sekunde hadi kwa msimamizi, mstari wa herufi 80 huchukua takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde. Mistari kumi na miwili, na sekunde nzima imekwisha!

Mfano mwafaka ni pakiti ya itifaki ya UDP ambayo namba yake ya uhakiki haiafikiani na yaliyomo. Mwanagenzi ataiita kosa na kuipa ngazi ya 3. Lakini kosa ni la mkosaji, na hapa mwenyeji hajakosa lolote. Ameletewa mzigo uliovunjika njiani. Linux huitupa kimyakimya, kama unavyoagiza waraka wa kanuni za intaneti RFC 1122 wa 1989, kisha huongeza moja katika kihesabio. Ujumbe wenyewe huwekwa ngazi ya 7, tena kwa kipimo: kwa kawaida usizidi kumi katika kila sekunde tano. Atakaye kujua kiasi cha uharibifu na asome kihesabio.

Wapo wanaoshikilia kwamba heri kelele kuliko kimya. Hoja yao ina uzito, hususan usiku wa manane, mtandao umekatika na daftari li tupu. Hata hivyo, tangu 2009, kiini kilichojengwa na uwezo huo huruhusu ujumbe wa ngazi ya 7 kuwashwa mstari kwa mstari, mfumo ukiendelea kufanya kazi. Anayehitaji maelezo huyafungua, akayafunga amalizapo.

Kadi ya mtandao ambayo foleni yake ya kutuma imekwama ni kadhia nyingine kabisa. Hitilafu hiyo imo nyumbani mwa mwenyeji, na msimamizi ana la kufanya: abadilishe kadi, waya au programu inayoiendesha. Huyo asiachwe alale.