Kikohozi ya mine haiko vumbi tu

Mu miji yetu ya mine, tangu Likasi mpaka Kolwezi, mwanaume akianza kukohoa, jibu iko tayari: «Ni vumbi.» Anakunywa maziwa, kesho anarudia ku kazi. Na sida inaendelea chini chini.

Tusikatale: vumbi ya jiwe inaharibu mapafu na kufungulia kifua kikuu mulango. Virusi ya sida nayo inafungua mulango ile ile. Kwa mwenye vyote viwili, hatari inaongezeka mara nyingi. Wachimbaji wa zahabu wa Afrika ya Kusini walijua hiyo mbele yetu. Kati ya watu wenye virusi, dunia nzima, kifua kikuu njo inaua wengi kupita ugonjwa ingine yoyote.

Virusi inaweza kukaa mu damu miaka minane ao kumi bila kuonyesha kitu. Kama tunangojea kukonda, tumekwisha kuchelewa.

Nani anachelewa zaidi? Wanaume. Mama mwenye mimba anapimwa akienda kliniki. Baba hana mulango kama ile. Mchimbaji wa mkono anahama shimo kwa shimo, hana daktari wa kampuni. Mwenye mkataba anaogopa kufukuzwa. Lakini sheria ya 14 Julai 2008 inakataza kumunyima ao kumutosha mtu kazi sababu ya virusi. Na watoto wa chini ya miaka tano, ugonjwa unawakimbilia mbio kupita wakubwa.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya inje, tuliona ginsi Haut-Katanga na Lualaba zinategemea mfuko ya wengine. Tunaogopa kitu moja: pesa ikipunguka, watu wa afya watangojea wagonjwa ku hospitali, pahali pa kuwafuata kule kwenye mashimo. Mwanaume mwenye kuchelewa atachelewa tena.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa kampuni, kooperative na serikali: mwenye kukohoa majuma mawili apimwe kifua kikuu na sida siku moja, kwa siri.

Na sisi mu nyumba: bibi akipatikana na virusi wa kwanza, haionyeshe kama ni yeye aliileta. Alipimwa mbele, basi. Baba, tusimufukuze, twende kupimwa. Mwenye kukunywa dawa kila siku mpaka virusi haionekane tena mu damu, hamuambukize mwenzake kitandani. Anaendelea na kazi, anakomalisha watoto wake.